Jeneza la Mtoto Halitozwi

4 Machi

Kitindamimba wangu,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaiandika. Sisi wazima, ila mgongo wa mama yako unamsumbua, na mimi nimeshtakiwa. Watu wa kodi wamehesabu kila jeneza lililotoka karakanani, wanasema yote niliuza. Nikawaambia ya watoto sijawahi kutoza tangu nianze useremala. Wakacheka. Sasa mahakama inataka shahidi, la sivyo karakana inafungwa. Mwanangu, nimwite mzazi aje kusimulia alivyomzika mtoto wake? Siwezi.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo baba,

Mama nimemtumia dawa ya mgongo. Lakini wewe nawe! Huruma yako itatulaza njaa. Nimempigia simu yule mshona viatu uliyemchongea bintiye jeneza. Alikubali kabla sijamaliza kusema. Siku hiyo wewe nyamaza tu, mwache aseme. Nakuomba, baba.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo. Nimeshindwa kesi, usinipigie kelele. Mshona viatu alikuja amevaa koti la kuazima. Wakili wa serikali akamwuliza jeneza lilikuwa na urefu gani. Akaonyesha kwa mikono, hivi, kisha akashindwa kuishusha. Wakili akamwambia ajibu kwa mdomo, tena aongeze sauti. Mzee mzima bado kainua mikono mbele za watu! Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa, mwacheni huyu. Alinilipa. Wote walinilipa." Hakimu akaandika.

Baba yako

11 Aprili

Baba, shikamoo,

Nimekasirika mpaka chakula hakipiti. Maisha yako yote hujui kudanganya, ukaona uanzie mahakamani? Halafu nalia, maana najua ningekuwa mimi kizimbani ungefanya vilevile. Wameshafunga? Umebaki na nini?

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu,

Tunapumua. Karakana ina kufuli la serikali, randa na misumeno yangu yote imo ndani. Jumapili alikuja kijana amebeba mtoto wake kwenye shuka, anauliza fundi majeneza yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi. Basi uso wake ukatulia, akajua amefika. Ikabidi nimwambie sina hata nyundo. Akauliza wale wa mjini wanatoza kiasi gani. Nilishindwa kumtazama, mwanangu. Nilimsindikiza mpaka barabarani, akaenda naye hivyohivyo.

Baba yako