Programu ya Kumi

Kawale, Lilongwe
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba goti limepungua kukusumbua tangu ulipoanza kulikanda kwa maji ya moto. Palizi ya mahindi mmemaliza? Na yule mbuzi wa pembe moja bado anakugombanisha na majirani? Mimi ni mzima wa mwili. Najua unashangaa kuona nimeshika kalamu, mimi ninayeshinda na simu kutwa. Kwenye simu ungenisikia sauti, ungeanza kunihurumia, nami ningekatiza maneno kama nilivyofanya mara tatu wiki iliyopita. Barua nitampa shemasi wetu, anapanda basi la Dowa kesho asubuhi. Mjomba Biliati ameniambia kuwa Jumamosi Enelesi ataletwa kwa chifu ajibu kwa nini alimuuza rafiki yake Zione kwa mumewe, na kwamba vijana wa ukoo wameapa kuichoma nyumba ya mama yake. Ndiyo maana nina haraka. Soma yote, mama, usiishie njiani.

Nianze na mwanao Zione. Taya wamelifunga kwa waya, uji anaunyonya kwa mrija. Mkono wa kulia umevunjika mara mbili. Sikio la kushoto daktari anasema tusubiri tuone. Kusema hawezi, kwa hiyo nilimnunulia daftari, na kitu cha kwanza alichoandika, kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama za mtoto wa chekechea, ni hiki: Nani alimwambia? Kila anayekuja kumwona anaonyeshwa ukurasa huo. Mjomba alipousoma alisema Enelesi, nani mwingine, si ndiye pekee aliyejua alipojificha? Mimi nilikuwa upande wa pili wa kitanda, namenya ndizi ambayo hakuna mtu wa kuila.

Kibanda changu hujawahi kukiona. Watu hapa sokoni hawana bando la kushusha vitu vizito, basi huja kwangu nikawahamishia kutoka simu yangu. Nina ubao nje nimeandika kwa rangi: Programu Kumi Ambazo Simu Yako Isikose. Kuna ya nyimbo, ya vichekesho vya video, ya matokeo ya mpira, ya Biblia na tenzi, ya tochi, ya kutabiri mvua, ya kutuma pesa, ya kupiga hesabu ya mbolea, na ya bao, ambalo Mjomba analitukana kwa sababu linamfunga. Ya kumi ni ile inayoonyesha watu wako walipo. Unaziunganisha simu mbili, na mwenzako anakuwa kidoa cha buluu kwenye ramani. Watu walikuwa wanaipita tu. Nani anahitaji kujua mkewe yuko kisimani?

Kisha ikaja ile siku ya mwezi wa tatu. Mama mmoja muuza dagaa wa usipa aliibiwa simu mchana kweupe. Nikafungua programu ya kumi kwenye simu ya binti yake, na kidoa hicho hapo, kinatembea upande wa nyanya! Nilikimbia mbele nikielekeza, soko zima likinifuata nyuma. Kijana alikutwa amechuchumaa nyuma ya matenga, simu iko ndani ya soksi. Mama, walimpiga kwa matofali. Walimpiga mpaka meno yakawa yanatoka pamoja na maneno, anamwita mama yake, na mwanamke mmoja akamjibu eti mama yako ndiyo leo anakuzaa upya, watu wakacheka. Nilikuwa nimesimama juu ya kreti na simu mkononi, wananishangilia, "Limbani mtaalamu! Limbani mtaalamu!" Sikusema acheni. Niliona fahari. Jioni hiyohiyo niliongeza ubaoni kwa rangi nyekundu: Ya kumi, hakuna pa kujificha. Wiki iliyofuata foleni ilifika kwa kinyozi.

Wyson shemeji yangu alikuja katika foleni hiyo na simu mpya ya Zione. Zione mwenyewe alikuwepo, anatabasamu na zawadi yake. Wyson akaniambia, "Shemeji, mjazie huyu, asije akasema nimemwoa nikamnyima dunia." Nikamtania kwamba akishaona vichekesho, nsima jikoni itaungua kila siku. Zione alicheza bao palepale akanifunga, akanicheka mbele ya wateja. Mjomba aliponiuliza hospitali niliweka nini katika simu ile, nilijibu nyimbo na bao.

Sasa ya siku yenyewe, kama inavyojulikana na wote. Jumanne ya wiki iliyopita Wyson alimchapa kwa waya wa pasi. Alipotoka kwenda kazini Zione alichukua kitenge na simu akakimbilia kwa Enelesi, nyuma ya kinu cha mahindi. Saa sita Wyson alifika na mpini wa jembe. Enelesi aliushikilia mlango, na mlango ulivunjiwa mikononi mwake, vidole viwili vikapondeka. Kinu kilikuwa kinasaga. Foleni nzima ya wanawake na ndoo zao ilikuwa hatua ishirini kutoka pale na hawakusikia kitu. Alimpiga mkono, akampiga taya, akampiga akiwa chini. Kinu kilipozimwa ndipo waliposikia sauti, na ilikuwa ya Enelesi, si ya Zione.

Wyson tulimkamata stendi. Nasema tulimkamata kwa sababu nilikuwepo, na kilichokuwa cha kupigiwa nilipigia. Polisi walipokuwa wanamvuta kutoka mikononi mwetu, damu inamtoka puani, alicheka, akaanza kusema, "Mnanipigia nini? Muulizeni ankhoswe wenu..." Nikamtandika teke la mdomo kabla hajamaliza. Watu walisema kaka mtu ana uchungu na dada yake.

Halafu tukaenda kwa Enelesi, mimi na binamu zangu. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa kitambaa. Binamu zangu walitaka kujua alilipwa nini na Wyson, aliyeonekana akisalimiana naye kinuni wiki iliyotangulia. Akalia, akasema, "Ningemuuza ningeshika mlango?" Hawakumsikiliza. Walikibeba cherehani chake wakakivunja juu ya jiwe, wakamburuta uani kwa nywele. Lakini kofi la kwanza, mama, lililomwangusha kabla hawajamgusa, lilikuwa langu.

Sasa nakuambia kwa nini.

Mimi ndiye ankhoswe wa Zione. Siku ya posa, tulipobadilishana jogoo na tetea na watu wa Wyson, Mjomba alisema mbele yenu wote kwamba akiguswa aje kwangu, mdhamini wa ndoa yake ni mimi kaka yake. Alikuja. Krismasi iliyopita alikuja amejifunga skafu na jua linachoma, akaifungua, shingo ina alama za vidole. Nikamwambia avumilie, nitazungumza na mumewe. Nilizungumza naye kweli. Tuliongea mpira. Kwa hiyo safari hii hakuja kwangu, alikwenda kwa Enelesi, na sina cha kumlaumu.

Katika simu yake niliweka zote kumi. Niliiunganisha na ya Wyson kwa mkono wangu, Zione akiwa anatazama vichekesho. Wyson alipouliza kama ataonekana hata akizima sauti, nilimjibu hata akiifukia kwenye gunia la mahindi, shemeji. Nilikuwa najisifu, watu wako foleni.

Na Jumanne hiyo, saa tano na nusu, Wyson alikuja kibandani. Alisema programu imegoma, kidoa hakionekani, na mkewe ametoka bila kula, anataka kumpelekea chakula. Alikuwa anatoka jasho. Mkono wake wa kulia ulikuwa na alama ya waya aliouzungusha, niliiona, mama, niliiona kabisa. Nikaichukua simu, nikaizima, nikaiwasha, nikarekebisha. Kidoa kikatokea. Yeye ramani haijui, akauliza hapo ni wapi. Nikamwambia kwa mdomo wangu, "Hapo ni kwa Enelesi, nyuma ya kinu. Umeona? Haikosei." Akanishukuru. Nikamhudumia mteja mwingine.

Ndiyo maana nilimpiga teke. Ndiyo maana nilimpiga Enelesi kofi. Nilijua mtu akipigwa hakuna atakayeuliza tena.

Leo asubuhi Zione alinisukumia daftari, ukurasa uleule. Nani alimwambia? Nilichukua kalamu nikaandika chini yake: Mimi. Nikaandika na mengine, jinsi ilivyokuwa, mpaka ukurasa ukaisha. Alisoma taratibu. Nilitamani anipige. Akaichukua kalamu kwa mkono wake wa kushoto, akaandika pembeni maneno matatu: Toka. Niletee Enelesi. Nikatoka. Enelesi yuko naye sasa, amekuja na vidole vyake vile, na muuguzi kanikataza kupita mlangoni.

Ukurasa huo nimeuchana nimeutia ndani ya bahasha hii, kwa sababu Mjomba atasema nimetishwa. Mwandiko wa Zione wa mkono wa kushoto alishauona hospitali, na wangu anaujua. Jumamosi nitakuwa barazani kabla ya chifu kuketi. Barua hii isomwe yote, kwa sauti, na vijana wenye viberiti wasimame mbele wasikie. Mjomba aamue la kunifanya, na amtafutie Zione ankhoswe mwingine. Ubao nimeupasua. Cherehani nitalipa, ingawa najua kulipa si kitu.

Nisalimie wote hapo nyumbani, shangazi na watoto wake, na mchungaji. Mama yake Enelesi usimpe salamu zangu. Nenda kwake leo hii, mama, hata kama goti linauma, ukalale kwake mpaka Jumamosi. Ukiwa ndani hawataichoma.

Ni mimi mwanao,
Limbani