Wasomaji Mia Sita na Kumi

Shoga, TANGAZO RASMI. Wenye kofia wavue, wenye vyeo wasimame.

Basi, kaeni tu. Nacheka mpaka mbavu zinauma.

Kuna mwanafunzi mmoja, jina tunalihifadhi kwa usalama wake. Jumatano aligundua kwamba kile kimashine cha mlango wa maktaba humhesabu kila anayeingia. Akaingia, kikalia. Akatoka, akaingia, kikalia tena. Saa nzima, kiguu na njia!

Leo chuo kizima kimeitwa bwaloni. Afisa mipango katundika chati, anang'aa kama bwana harusi. "Takwimu hazidanganyi! Wasomaji mia sita na kumi kwa saa moja! Kwa hiyo chumba cha mpira wa meza tunakigeuza maktaba ya pili."

Chumba CHETU cha mpira wa meza! Roho ikamruka maskini yule mwanafunzi, maana Jumamosi ana fainali humo.

Mkuu wa chuo akauliza taratibu, "Mia sita na kumi? Mbona tuna wanafunzi mia nne?"

Mia sita na kumi, shoga!!

Mara akasimama mkutubi, yule mama wa miwani. "Mimi Jumatano nilikuwa na binti mmoja tu. Viatu vyekundu. Eti anatafuta kalamu yake."

Bwalo zima likainama kutazama miguu.

Haya, ni viatu vyangu. Nikasimama. "Mheshimiwa, wasomaji wote mia sita na kumi ni mimi. Na hakuna hata mmoja aliyefungua kitabu. Nawaomba mtuachie chumba chetu."