Tope Letu

Kambi ya Mkonge, Kilosa
22 Aprili 1951

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mguu umepoa, na Teresia anayekusomea hajambo. Teresia, soma polepole, usiruke neno hata likikuuma. Mimi ni mzima, ila najikuna. Maji ya mkonge yanawasha, na makapi yanayotoka kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani, yananuka hadi chakula hakiliki. Yote yanamwagwa mtoni. Samaki wanaelea matumbo juu, na hayo, Mama, ndiyo yanaitwa maendeleo.

Kunde na kambale mkavu ulivyonitumia nimevipata. Kambini tunapewa unga wenye fukusi, basi nilimkaribisha Vitalis. Tangu awe mkalimani wa Bwana Meneja, mdogo wangu havui kofia hata akila. Alikula akalamba sahani, kisha akanisimulia safari yao ya kuja kwako, huku akicheka.

Kumbe Bwana alipoona shamba limefunikwa na maji alikusikitikia. Alisema hawa ni maskini wa mwisho, mto umewanyang'anya kila kitu, nao wamekaa tu na majembe yao. Maji tunayoyaombea mwaka mzima! Hajui kwamba yakishuka yanaacha tope, nasi tunapanda humo na kuvuna. Vitalis anajua. Amelelewa na tope hilo. Lakini alijibu, ndiyo Bwana, ni maskini.

Sasa sikia, na unisamehe kwa kukuvunja moyo. Vitalis alikuambia Bwana amelisifu shamba lako, ukafurahi ukamzawadia Bwana bata. Bwana hakusifu kitu. Alisema ataliomba bonde lote serikalini, kiangazi ajenge tuta maji yasifike tena, papandwe mkonge. Nilimwuliza Vitalis kwa nini alikuficha. Akasema mtu wa jembe haelewi mambo ya mashine, atalia bure. Nilishikwa na kinyaa, Mama. Kunde zako zilikuwa bado mdomoni mwake.

Korona nimeiacha leo. Nakuja kabla maji hayajashuka. Kiingereza cha misheni ninacho kidogo. Bwana akirudi, wewe utasema, nami nitamfikishia neno kwa neno. Bata waliobaki usimpe mtu.

Nisalimie Mjomba Urbanus na majirani wote. Vitalis hakutuma salamu. Ameuliza tu kunde nyingine zitakuja lini.

Mwanao akupendaye,
Thadeo