Somo la Mikono

Hosteli ya chuo,
Shinyanga.

Baba yangu,

Shikamoo. Assalaam alaykum wewe na wote mlioko hapo nyumbani Tanga. Naomba barua hii ikukute kwenye cherehani yako, goti limepunguza kuuma, na mama kifua chake kimetulia baada ya mvua kukata. Mimi mwili wangu mzima. Nasema mwili kwa sababu huo ndio ninaoweza kukuapia.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ninayo. Lakini simu yako, baba, unaiweka spika barazani, nikisema neno moja mafundi wenzako wote wanaitikia, na muuza kahawa anauliza kama nimeshapata mchumba. Haya ya leo sitaki wayasikie. Nimempa barua Rajabu, mtoto wa shangazi, anayeteremka na basi, akukabidhi mkononi. Isome peke yako kwanza.

Nianze na swali lako la kila siku, kama bado nasomea ile mikono. Ndiyo, baba. Masomo ya maendeleo ya jamii ndiyo yatakayonipa cheti na nayasoma kama nilivyokuahidi. Lugha ya alama ni somo la hiari, haliingii hata kwenye matokeo. Wewe ulitaka nichukue kompyuta. Wenzangu chumbani walisema kama muda umenizidi nikajifunze kusuka, angalau nitawasuka wao. Mie nililichukua kwa kuwa nililipenda, basi. Nilipita dirishani siku moja nikaona watu wanacheka mpaka wanafuta machozi na chumba kiko kimya, nikataka kujua wanachekea nini. Sina sababu nyingine na sitakutungia.

Mwalimu wetu mwenyewe ni kiziwi. Ukiingia darasani humpi salamu ya mdomo, unawasha na kuzima taa ageuke, ndipo unamsalimu kwa mikono. Mwanzoni vidole vyangu vilikuwa vizito, akawa anavikamata kimoja kimoja anavinyoosha huku anacheka. Masomo mengine nayasoma nifaulu. Hili nilikuwa nalisoma hata kwenye foleni ya maji, nazungumza peke yangu kwa vidole, watu wakinitazama kama niliyerukwa na akili.

Sasa nikueleze yale ambayo kwenye simu nilikuwa nayakata katikati.

Unajua tulipelekwa mafunzo kwa vitendo, na mimi nikapangiwa ofisi ya kata moja ya wachimbaji wa dhahabu, nje kidogo ya Masumbwe. Chumba nilipewa na Paulo na mkewe, Mama Kulwa. Ni Wakatoliki wa Ushirombo, watu wa kulima, waliofuata dhahabu kama wengine. Siku niliyofika, Mama Kulwa aliniwekea sufuria mpya mlangoni, akasema, "Hii yako peke yako, haijawahi kuonja kitimoto." Alinicheka jinsi ninavyoongea, akasema Kiswahili changu kinaimba. Akanifundisha kujibu "mhola duhu," yaani salama tu, nikisalimiwa Kisukuma, na kila nilipojibu aliwaita majirani waje wasikie. Nilikula kwake na kulala kwake, na Paulo aliniita "mwanangu mwanachuo."

Paulo alikuwa anashuka kwenye duara. Duara ni shimo lao la kuchimbia, linateremka wima kama kisima, kuta zake zimeshikwa na magogo wanayoyaita matimba. Juu ya mdomo wa shimo kuna winchi ya mkono na kamba ndefu. Aliye chini akitaka kitu haiti, maana jirani kuna karasha za kusaga mawe zinapiga kelele kutwa na sauti haifiki. Anavuta kamba. Mvuto mmoja mrefu, nipandishe. Mifupi miwili, ngoja. Aliyeshika juu lazima asikie kwa kiganja.

Kamba ya Paulo ilishikwa na Shija. Huyu ni mtu wa makamo, kiziwi tangu utotoni, na kijiji kizima kinamwita Bubu. Watu walimcheka Paulo kwa kumwachia kiziwi roho yake. Paulo akawajibu kwamba wao wana masikio na yote yamejaa karasha, Shija ana kiganja na hakijajaa kitu. Hakutaka mtu mwingine.

Jioni yangu ya kwanza pale Shija alikuja kunywa maji. Nikamsalimu kwa mikono. Baba, alikiweka kikombe chini akanitazama kama aliyemwona marehemu. Kumbe utotoni aliwahi kusoma miaka michache shule yenye darasa la viziwi huku Shinyanga, baba yake akafa, akarudishwa nyumbani. Tangu hapo hakupata mtu wa kuongea naye. Aliongea mpaka chakula kikapoa. Alinieleza jina la ng'ombe wa babu yake, alinieleza mwalimu wake aliyekuwa mkali, alinieleza mambo ambayo hata mimi sikuyaelewa nusu yake. Paulo na Mama Kulwa walikaa wanatutazama. Paulo akasema, "Kumbe ana maneno yote hayo, na mimi nimekaa naye miaka namwambia vuta na acha tu." Akaanza kujifunza na yeye. Alifika kwenye "njaa," "twende," na "ndugu yangu."

Asubuhi duara lilipokatika, ndivyo wanavyosema udongo ukiporomoka, ilikuwa imenyesha. Wenzake walipanda kunywa chai, Paulo akabaki chini peke yake akaze timba lililolegea. Mimi nilikuwa ofisini. Nikasikia vilio, nikakimbia.

Kule mwanamke haukaribii mdomo wa duara. Wanasema dhahabu inakimbia. Kuna mahali mama lishe wanapikia, na hapo ndipo mwisho wa miguu ya wanawake, hakuna uzio lakini kila mtu anapajua. Nikawakuta wamesimama hapo, Mama Kulwa kati yao, ameshikwa huku na huku. Wanaume walikuwa wamezunguka shimo na makoleo yamelala chini. Mwenye duara alikuwa ameshasema Paulo amekufa, udongo umeziba, na hakuna wa kugusa mpaka mfumu aje na kondoo alitulize shimo. Mfumu ni mganga wao. Mtendaji wa kata alikuwa kwenye kikao Masumbwe. Nikampigia, akasema anakuja na askari, lakini njia imejaa tope.

Shija alikuwa peke yake kwenye winchi, kamba mikononi. Watu walimwambia aachie, hakuachia. Wakadhani ni uchungu. Aliponiona akahangaika kwa macho, na mimi sikuelewa, kisha nikaelewa. Alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, na mikono ndiyo mdomo wake. Hakuweza kusema bila kuachia. Mwishowe akaibana kwa goti na mkono mmoja, akanipa maneno kwa ule mwingine, nusunusu: hai. Anavuta. Ndugu yangu anavuta.

Nikapiga kelele, "Shija anasema Paulo yuko hai. Kamba inavutwa."

Baba, hapa ndipo ninapokosa usingizi. Nilijiandaa kwamba hawatanisadiki. Wangenikatalia ningegombana nao, ugomvi nauweza, unanijua. Lakini walinisadiki. Vijana wawili waliokuwa karibu walishika kamba, wakaihisi, mmoja akaiachia kama aliyeungua. Wakarudi nyuma wote. Mwenye duara akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mmeona? Shimo limeshamla mmoja, sasa linaita wa pili. Asishike mtu."

"Ni Paulo anaita," nikamwambia. "Mtu mzima anavuta kamba, nyinyi mnasema shimo."

"Binti, wewe ni mgeni. Sisi tumezika watu waliokwenda kuitikia kamba."

Na hakuwa anasingizia, niliiona hofu yake. Kule wanaamini hivyo, kwamba aliyefukiwa huvuta mwenzake asilale peke yake. Nilimchukia na bado namchukia, lakini muongo saa ile hakuwa. Uongo ulikuja baadaye.

Nikavuka pale wanapoishia wanawake. Walinipigia kelele, mmoja akasema sasa kwa sababu yangu watahitajika kondoo wawili. Nikafika kwenye winchi nikashika kamba ili Shija apate mikono yake. Niliihisi, baba. Mifupi miwili, kisha mmoja mrefu. Ngoja, nipandishe. Ngoja, nipandishe. Mikono ya Shija ilipokuwa huru aliwageukia wale wanaume akawaambia kila kitu, na mimi nikawa natoa sauti pembeni yake: udongo umekatikia juu yake, chini kuna nafasi, anapumua, tuchimbe kwa pembeni, nitatangulia mimi. Hakuna aliyeokota koleo. Akachukua yeye, wakamshika wanne wakamketisha. Mimi nikabaki na kamba. Kuchimba peke yangu sikuweza, na kuiachia sikuweza. Nilikuwa nikimjibu Paulo mvuto kwa mvuto, ajue kuna mtu.

Mfumu alifika mchana. Kondoo akachinjwa. Askari na mtendaji walifika tope limewajaa hadi magotini, wakaamuru kuchimba. Wakati huo kamba ilikuwa imeshatulia. Walimtoa siku ya pili. Alikuwa amekaa kitako, ameegemea ukuta, na kamba ameizungusha kwenye mkono. Hakuwa na jeraha.

Wiki iliyofuata Shija akakamatwa. Mwenye duara aliandikisha kwamba hakuna aliyejua kama Paulo yuko hai, na kwamba Bubu ndiye aliyelegeza kamba hata akaporomosha matimba. Mtu wa kumsemea Shija hakuwepo. Ndipo nilipokupigia, na wewe ukaniambia nirudi chuoni haraka, na wakiniuliza niseme lugha ile siijui vizuri, si somo la mtihani hata hivyo. Najua uliogopa. Na mimi niliogopa, maana mwenye duara alimtuma mtu aniambie mikono yangu itaniponza. Sikukusikiliza, baba. Nilikwenda ofisi ya kata kumsemea.

Walikuwepo askari, mtendaji, mwenye duara, na Mama Kulwa kwenye benchi. Mwalimu alitufundisha kwamba ukimsemea mtu husemi "anasema," unasema "mimi." Basi nikawa Shija. Nikasema mimi niliihisi kamba tangu udongo ulipokatika. Mimi niliwaambia. Askari akauliza, "Ulijuaje kwamba amekufa?" Shija alikunja viganja kama bado ameishika. Kisha akajibu, na mimi nikasema kwa mdomo wangu mbele ya mkewe, "Nilijua kwa sababu ikawa kamba tu."

Wakamwachia. Hilo ndilo pekee lililopatikana. Mwenye duara hajaulizwa tena kitu. Shimo limefunguliwa, limewekwa matimba mapya, wanachimba. Hakuna aliyemrudisha Shija kazini, wanasema ana mkosi. Ameenda Maganzo kuchekecha changarawe za almasi za watu. Nilimwelekeza kwa mwalimu wangu akipita Shinyanga, lakini hajatokea.

Nimerudi darasani. Wenzangu wanaigiza mazungumzo ya sokoni, bei ya nyanya, bei ya dagaa, na mimi nikiinua mikono naishusha. Ile furaha ya mwanzo imekwisha, sitakuficha. Halafu nikiwaza kuacha nakuta siwezi, kwa sababu nikiacha kutakuwa na mtu mmoja pungufu wa kuwaelewa watu kama Shija. Usiniulize tena litanisaidia nini. Ukitaka kuniuliza, niulize kama nimelala.

Likizo hii sitarudi. Mama Kulwa ana watoto mapacha na shamba la mpunga la kuvuna kwao Ushirombo, nimemwambia nitakwenda kumsaidia. Mwambie mama asikasirike, na anitumie ile dawa ya kukohoa, anajua ipi. Mpe shikamoo bibi mzaa baba, mwambie bado nasali. Msalimie shangazi Mwanaidi, mwanawe amekuwa mtu mzuri sana kwenye hayo mabasi. Mjomba Bakari fundi baiskeli mwambie sina mchumba. Mdogo wangu Zena asome.

Nilitaka kuishia hapo. Kuna jambo moja nimeliruka na naona halitoki mpaka nikwambie.

Siku ile ya maelezo, tulipotoka, Mama Kulwa alinifuata nyuma ya ofisi. Hakuwa analia. Akaniuliza, "Na wewe uliishika?"

"Niliishika, mama."

"Alikuwa anavutaje?"

Nikaanza kumweleza, mifupi miwili, mmoja mrefu. Akatikisa kichwa kwamba sivyo anavyotaka. Akavua kanga yake ya mabegani, akajizungushia pembe moja mkononi, akanipa pembe ya pili, akanigeuzia mgongo. Nikavuta. Mifupi miwili, mmoja mrefu, taratibu, kama alivyovuta mumewe. Akasema, "Tena." Nikavuta tena. Akasema, "Tena." Nikavuta mpaka mikono ikafa ganzi, na nilipoacha hakugeuka. Alibaki ameishika ile kanga imenyooka, anasubiri.

Mimi mwanao,
Saumu.