Mwaka Tuliobaki Kitale

Mpendwa binti yangu Wambui,

Ulirithi jina la mama yangu, ndiyo maana nilikuita Mami hata ulipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Leo nimeketi nje nikiutazama mlima Elgon, na nimekukumbuka sana.

Unakumbuka safari zetu za Nyeri? Kila uchaguzi ulipokaribia, nilipakia magodoro kwenye pikapu, tukaenda kwa baba yako mkubwa kungoja mambo yatulie. Majirani walituaga vizuri, lakini mwaka mmoja nyumba za watu wetu, sisi tuliotoka Nyeri, zilikuwa zimechomwa, na hofu ile haikunitoka. Ulipokuwa darasa la tatu uliniuliza njiani, "Baba, kwani tumemkosea nani?" Niliendelea kuendesha gari.

Kisha ukaenda chuo kule Kibabii, ukarudi likizo na rafiki yako Nekesa, binti wa jirani. Mlizunguka sokoni mkihimiza vijana wajiandikishe kupiga kura. Nilikuwa nanunua mbegu nilipomsikia mmoja akikucheka.

"Ati kura? Hiyo itanipa unga?"

"Haitakupa," ulimjibu. "Lakini wanaokupandishia bei ya unga wanaomba siku hiyo ulale."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka tena.

Wiki ya uchaguzi nilipakia magodoro kama kawaida. Ulisimama mlangoni umekunja mikono kifuani.

"Baba, nyinyi nendeni. Mimi nitalala kwa kina Nekesa. Jina langu liko hapa, nitapiga kura hapa."

Nilikasirika, kisha nikaogopa, kisha nikaona siwezi kukuacha. Niliyashusha magodoro mwenyewe.

Asubuhi ile kulikuwa na baridi kali. Tulipanga foleni katika uwanja wa shule ya msingi, wewe mbele yangu, mama yako nyuma. Baba yake Nekesa alikuja akatukuta.

"Leo mko?" akaniuliza.

"Tuko."

Akaitikia kwa kichwa, akasimama nyuma ya mama yako.

Uliyemchagua alishindwa. Nilidhani utalia, lakini ulichukua ndoo ukaenda kukama ng'ombe. Hakuna aliyekuja kutuchomea nyumba.

Mwaka uliofuata ukaugua mapafu, na hospitali ikashindwa kukurudisha kwetu. Baba yako mkubwa alitaka tukuzike Nyeri, kwenye ardhi ya ukoo. Nilikataa. Kaburi lako lilichimbwa na vijana wa hapa, wengine nilikuwa nimewaona kwenye foleni ile.

Sasa uchaguzi umekaribia tena, na Nekesa anagombea udiwani. Jumamosi alifanya mkutano wa vijana, akaniita nizungumze. Mami, ni mimi huyu ambaye hata kanisani sijawahi kushika kipaza sauti. Niliwatazama, wengi wao wa umri wako, nikawa nakigeuzageuza kipaza sauti mikononi. Mmoja akasema taratibu, "Sema tu, mzee, si tuko na wewe."

Nikasema, "Binti yangu amelala kwenye shamba langu, hapo ng'ambo ya barabara. Alipiga kura mara moja tu maishani mwake. Nyinyi mna nyingi mbele yenu. Nendeni mkajiandikishe."

Kisha nikaketi.

Bado naogopa, sitakudanganya. Mama yako naye anaogopa. Lakini hatuendi popote.

Pumzika, mwanangu. Tuko hapa karibu yako.

Ni mimi,
Baba yako