Salamu Ambazo Hazikukufikia

Yamumbi, Eldoret
Jumapili mchana

Kwa dada yangu Nafula,

Hujambo dada? Na Mama, magoti bado inamsumbua na hii baridi? Ile ng'ombe nyeusi ilizaa? Mimi niko mzima, mikono tu imejaa vibanzi vya mbao. Hapa asubuhi ukiongea moshi inatoka mdomoni. Nikinywa chai ya hapa nakumbuka yako, ile ya majani mengi, naweka kikombe chini.

Dada, barua zangu mbili hukujibu. Nikadhani zimepotea posta. Halafu mwezi uliopita binamu yetu Wekesa akafika kutafuta kazi, nikamuuliza, "Nafula ako aje?" Akaniangalia. "Nafula umemwaibisha," akasema.

Wacha nikuelezee, usikunje barua hapa.

Hii mambo ya salamu za redio unajua: unanunua kadi dukani, unajaza majina ya watu, unatuma Nairobi, mtangazaji anasoma nchi nzima ikisikia. Kadi yangu ya kwanza nilikuandika wewe juu kabisa. Haikusomwa. Ya pili pia. Otieno, jamaa tunapasua mbao naye, akanicheka. "Wee, nani anajua Nafula? Weka mkubwa juu. Kadi bila mkubwa inalala kwa gunia."

Nikaweka mwenyekiti wa chama wa hapa, na diwani, na tajiri wetu wa mbao. Ikasomwa. Jumatatu kazini kila mtu ananiita Radi ya Yamumbi, hilo jina nilijipa kwa kadi. Hata mwenye duka alinijua. Mimi, mwaka mzima hapa naitwa "wee kijana". Basi nikashikwa. Kila wiki kadi, kila kadi nimepata mkubwa mwingine, na wewe nakusukuma chini mstari mmoja, mpaka ukawa wa mwisho kabisa. Na mtangazaji hafiki mwisho. Anasema tu, "na wengine wote wanaomjua."

Sasa Wekesa ananiambia ati kila Jumamosi ulikuwa unavaa nguo ya kanisa unaenda kwa Mwalimu kusikiliza redio yake, kwa sababu uliambia wanawake wa kisimani nitakutaja, vile nilikuahidi kwa barua. Nao wanakungoja na mitungi. "Nafula, leo umesomwa?" "Ama siku hizi wewe ndiye diwani?" Ati sasa unateka maji jioni, wakishaondoka.

Nilishindwa kumaliza ugali.

Huyo mwenyekiti nilikutana naye, mlangoni kwa ofisi ya chama. Nikavua kofia. "Mzee, mimi ndiye Radi ya Yamumbi. Huwa nakusalimia kwa redio."

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu, Mzee."

"Basi toka njiani."

Hiyo ndiyo salamu nilirudishiwa. Na wewe ndiye ulinibeba mgongoni siku jembe ilinikata mguu, mpaka hospitali ya misheni, unaimba ndiyo nisiangalie damu. Wewe ndiye ulinifundisha kusoma na magazeti ya kufungia nyama, wakati shule ilinishinda. Hizo herufi niliandikia jina la mwenyekiti, dada, ni wewe ulinipa.

Nimetuma kadi ingine, jina ni moja tu, lako. Wiki tatu sasa, kimya. Otieno anasema niongeze mkubwa hata mmoja. Nimekataa.

Nimeomba nyapara livu, amenipa siku tatu mwisho wa mwezi. Nitafika Jumamosi jioni. Kabla ya hapo nisalimie Mama, na Shangazi Rasoa aliyenipa blanketi ya safari, na Mwalimu kwa kukuwekea kiti. Hao wanawake wa kisimani pia wasalimie, na usimwache mmoja. Makosa yalikuwa yangu, si yao.

Kama bado umekasirika, usijibu hii. Lakini Jumapili vaa ile nguo, twende kanisa pamoja, na tupitie njia ya kisimani watu wakiwa wengi. Pasta akiita wageni wasimame waseme wao ni nani, nitasimama. Hiyo mambo ya Radi sitaitaja. Nitasema mimi ni ndugu ya Nafula, halafu nitakaa.

Mdogo wako anayekukumbuka kila siku,
Barasa