Balbu Aliyoichomoa Lokwang

Akiru mjukuu wangu,

Ejok? Huku Lodwar tu wazima, ila nyanyako anacheka ninavyochechemea. Unauliza, tajiri wa gari, kama taa nyekundu ya betri kuwaka ukigeuza ufunguo ni ubovu.

Miaka ya tisini nilikuwa utingo wa dereva Lokwang, mwingi wa mdomo kuliko nguvu. Abiria waliiogopa taa hiyo kwenye pikapu yake, akachomoa balbu. "Sasa mtanyamaza!" Hatukujua kwamba umeme wa kuiamsha alteneta, mtambo unaochaji betri, hupitia hapo. Betri ikawa haichajiwi, na hakuna cha kutuonya.

Siku moja tulimtoa mama yake Lokwang, mgonjwa, kutoka Kakuma, tumpeleke hospitali Lodwar. Njiani wachungaji wakaomba maji. Huku mwenye kiu hapitwi, mama mwenyewe alisema, "Simama, mwanangu." Lokwang akazima injini kuokoa dizeli. Haikuwaka tena. Tulisukuma mchangani pamoja na wachungaji wale hadi lori likatokea jioni. Mama alikuwa ameshatuacha.

Lokwang aliirudisha balbu. Kila asubuhi aligeuza ufunguo nusu, akaitazama ikiwaka, akakaa kidogo ndipo awashe injini.

Gari lako ni zima, Akiru. Ogopa siku taa isipowaka.

Ni mimi babuyo, utingo mstaafu.